Waliosimama Kilimani

Kwa miaka yote aliyokaa Guangzhou, Wessel hakuwahi kumchora mtu. Alichora maji, matope, mawingu, migomba ya kando ya mifereji na winchi ndefu za bandari ya Nansha zinavyoonekana kwa mbali. Akipita mtu na baiskeli mbele yake, Wessel alishusha brashi, akamngoja apotee, kisha akaendelea na kazi. Ukimuuliza sababu atakwambia kwamba mtu ni mwizi. Ukimtia kwenye picha, hata awe mdogo kama punje ya mchele, jicho la mtazamaji linamkimbilia yeye na kuisahau nchi yote iliyobaki. Wachoraji wa kale wa kwao Uholanzi walijaza watu na ng'ombe kila pembe, lakini yeye alikuwa mkaidi wa kutupwa na ng'ombe pia aliwakataa.

Kwao ni Groningen, kaskazini ya Uholanzi, nchi iliyolala bapa kama sinia. Alikuja Guangzhou kufundisha uchoraji katika chuo kimoja. Mkataba ukaisha, wenzake wakafunga mizigo, yeye akabaki, kwa sababu siku moja alipanda basi mpaka Nansha na kuukuta mto umetanuka, mbingu ni kubwa, na ardhi haina kilima. Akaona amefika kwao, tofauti ni joto tu. Tangu hapo aliishi kwa kuzichorea hoteli mandhari za mto, mwezi mmoja kashiba, mwezi mmoja anakula tambi za maji.

Kiswahili alikijulia hukohuko Uchina, na kilimtoka hivyohivyo kilivyomwingia, nusu cha Unguja na nusu cha Lubumbashi, akisema "yakhe" na "vraiment" ya Kifaransa katika sentensi moja bila haya. Mwalimu wake mkuu alikuwa jirani yake wa ghorofa ya juu, Dullah, wakala wa mizigo kutoka Unguja. Kila wiki Dullah alikwenda Nansha kusimamia makontena yakipakiwa, na kila wiki Wessel alikaa kando yake garini, kakumbatia mbao zake za kuchorea na mkebe wa rangi miguuni.

"Hebu nami nitie, yakhe," Dullah alikuwa akimchokoza. "Hata kwa mbali. Hata mgongo."

"Utaniharibia mto wangu."

"Mto wenyewe wa matope! Mimi ndiye nitakayeupendezesha."

Wakacheka, na Dullah hakutiwa.

Lakini picha ni jambo moja na mtu ni jambo jingine. Mwaka mmoja Wessel alipoanguka homa, akawa hana wa kumfungulia mlango, aliyegundua kwamba viatu vyake havijaondoka kizingitini alikuwa Dullah. Hospitali za huko mgonjwa huenda na jamaa yake wa kumlisha na kumgeuza. Nesi akauliza ndugu wa mgonjwa yuko wapi. Dullah akasema, "Ni mimi." Nesi akamtazama Dullah, mweusi wa kung'aa, akamtazama Mholanzi aliyeiva kama kamba wa kuchemsha, kisha akatikisa kichwa na kumwonyesha kiti. Dullah akakikalia kile kiti mpaka mgonjwa akatoka. Safia, mkewe, alipika uji wa pilipili manga asubuhi na mchuzi wa samaki mchana, na chakula kile kilivuka jiji zima kwenye chupa ya chai na bakuli lililofungwa kwa kanga. Wessel alikuwa na dada kule Groningen aliyemtumia kadi kila Krismasi, na alimpenda, lakini aliyemwosha miguu alikuwa Dullah. Hakuwahi kupata namna ya kumshukuru. Kila akianza, Dullah alimkata: "Acha uzungu wako."

Basi Dullah akafa. Alikuwa ameswali alfajiri, akakaa kitandani kuvaa soksi, moyo ukasimama. Siku ya pili yake akazikwa kwenye makaburi ya Waislamu nje kidogo ya mji, kilimani, penye mianzi.

Wessel alikwenda. Mulumba naye alikwenda, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyenunua nguo Zhanqian Road na kumkabidhi Dullah azisafirishe. Walipofika, Mulumba alimshika mkono Wessel, akamzuia penye njia ya chini.

"Papa Wessel, shiye tubakie huku," alisema kwa sauti ndogo. "Bale bana namna yabo ya kuzika. Tutamuombea na hapa."

Mulumba akavua kofia, akasogea mbele kidogo mpaka ukingoni mwa njia. Wessel akabaki nyuma yake, akaona kila kitu.

Kule mjini Safia alikuwa ameshaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi mjane wa kwao hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Safia alitundika pazia zito katikati ya sebule yake ya Guangzhou, akakaa nyuma yake kama ambavyo angekaa Unguja. Rafiki yake Kauthar, mwenye mkahawa wa wali na samaki pale chini, ndiye aliyekuwa akimpandishia chakula, akimfulia, na kupokea wageni upande huu wa pazia.

Na ni Kauthar aliyemweleza Wessel jambo lililokuwa likimla Safia, siku moja alipomwekea sahani mbele yake kisha naye akavuta kiti, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo saa za wateja.

"Ni mama mkwe wake," alisema. "Bi Mize. Kila akipiga simu kutoka Makunduchi swali ni hilohilo: mwanangu kalala wapi? Pakoje hapo? Pana kivuli? Na Safia hana la kumjibu. Yeye mwenyewe hapajui."

"Picha za simu hazipo? Watu walipiga."

"Nimeziona. Shimo, na migongo ya watu. Utampelekea mama shimo?"

Wessel akakubali kwamba haifai. Akauliza kama Safia asingeweza kwenda mwenyewe siku ya kutoka eda, kabla ya kupanda ndege, maana ilijulikana kwamba siku ya pili yake anarudi Unguja moja kwa moja. Kauthar akamtazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mtoto. Kwao Bi Mize wanawake hawaendi makaburini, na Safia hakuwa mtu wa kuivunja mila ya mama mkwe wake ili apate jawabu la kumpa mama mkwe huyohuyo.

"Atafika Makunduchi," Kauthar akasema, "atapiga magoti mbele ya yule bibi, na bibi atamuuliza. Hicho ndicho anacholilia, si kingine."

Wessel hakumaliza wali wake. Alikuwa hajashika brashi tangu mazishi. Hoteli moja ilikuwa ikimngoja na alikuwa ameidanganya mara nyingi kwamba mvua imemzuia. Alipanda chumbani, akachagua ubao mzuri aliokuwa nao, ukubwa wa sinia ya biriani, na kesho yake akapanda basi la kwenda makaburini.

Alikwenda siku nyingi. Alisimama palepale aliposimama siku ya mazishi, penye njia ya chini, na akakichora kile kilima kwa uaminifu wote aliokuwa nao. Yeye ambaye maisha yake yote alizikimbia nchi zenye vilima, alikijua kile kimoja kama anavyoujua mkono wake. Alichora mianzi upande wa kushoto na kivuli chake kinavyoteremka mchana mpaka kuligusa kaburi. Alichora udongo mwekundu ulioanza kuota majani, mawe meupe ya makaburi ya Wachina Waislamu waliotangulia, na juu yake mbingu nyeupe ya Guangzhou isiyo na uamuzi wa kunyesha wala kuanuka. Alipomaliza aliiacha ikauke. Ilikuwa nzuri, naye alijua.

Hapo ndipo alipofanya lile ambalo hakuwahi kulifanya. Aliiegemeza ukutani, akaitazama, akaona kilima kitupu na Dullah yuko peke yake. Roho haikumpa. Akachukua brashi nyembamba, na juu ya rangi ya majani iliyokwisha kukauka akawatia watu. Aliwatia wote, mmoja mmoja, na nyuso zao, kila mtu mahali pake. Siku hizo alifanya kazi huku machozi yakimtoka na akijisemesha kwa Kiswahili, kwa kuwa hii ndiyo iliyokuwa asante yake, na safari hii Dullah hakuwepo wa kumkata.

Zilikuwa zimebaki siku chache Safia atoke eda alipoipandisha ile picha ghorofani, roho juu. Kauthar akaipokea mlangoni kwa mikono miwili, maana rangi ya wale watu ilikuwa bado mbichi, akaingia nayo nyuma ya pazia. Wessel akakaa kwenye kiti cha plastiki upande huu, mikono magotini.

Kisha akamsikia Safia akilia, kilio cha taratibu, cha mtu aliyetua mzigo.

"Shemeji," Safia akasema kutoka nyuma ya pazia. Ndivyo alivyomwita tangu ile homa. "Pana kivuli."

"Pana, shemeji. Mchana wote."

"Alhamdulillahi. Mungu akulipe. Sina la kukulipa mimi."

"Mimi ndiye ninayelipa," Wessel akasema.

Kisha akawasikia wanawake wawili wakinong'ona. Kauthar akatoka, picha mkononi, uso wake umekunjamana kama aliyetumwa kumnyang'anya mtu chakula mdomoni.

"Kuna kitu, Mzee Wessel," alisema. "Hawa watu."

"Hawakufanana?"

"Wamefanana mno. Huyu hapa kaburini, Pandu, mpaka kipara chake umekiweka. Ndilo tatizo." Akatafuta maneno. "Bi Mize ataitaka chumbani mwake. Na chumba chake ndicho anachoswalia. Chumba cha kuswalia hakitundikwi picha ya mtu mwenye uso. Akipewa hii ataigeuza ukutani, au ataitia kabatini, na atasikitika mpaka siku yake. Safia hana ulimi wa kukwambia."



Wessel alitazama kazi yake. Wasanii wana majivuno yao, na Mholanzi huyu hakuumbwa tofauti na wengine. Hasira ikampanda. Mara ya kwanza katika maisha yake kuwatia watu, na hao ndio wanakataliwa. Alitaka kusema kwamba aliyekuwa akiomba kutiwa pichani ni Dullah mwenyewe. Kisha akalisikia pazia likitikisika kidogo, kama kwamba upande wa pili mtu amelishika na hathubutu kulifungua, na hasira ile ikamtoka yote. Hakuja pale kusifiwa. Alikuja ili yule mama ajue mwanawe kalala wapi.

"Nipe," alimwambia Kauthar. "Bado ni wabichi. Watatoka."

Akashuka nayo chumbani kwake, akaiweka mezani penye dirisha, akatoa kisu chake kipana cha rangi, kitambaa na chupa ya tapentaini. Alikuwa anajua kukwangua, kila mchoraji anajua. Hakujua kwamba angeagana na watu.

Alianza na Ahmada, Mngazija wa duka la simu, aliyemwosha maiti na kumvisha sanda. Akamkwangua, na chini yake majani yakatokea mazima, kwa kuwa watu wale walikuwa juu ya majani wala hawakuwa badala yake. Akafuata Pandu, aliyeshuka kaburini kumpokea Dullah, na ambaye sasa ndiye aliyeshika biashara ya marehemu na kuwahudumia wateja wake wote bila kumwacha hata mmoja. Akafuata imamu mzee wa Kichina, na kofia yake nyeupe. Akafuata wapakizi watatu wa stoo, Wachina wasio na dini yoyote, waliokuja na glavu zao za kazini na kuchukua makoleo bila kuulizwa. Kila aliyemtoa, Wessel alisema asante. Aliisema kwa sauti, peke yake chumbani, na kila aliposema aliona ni kweli. Alikuwa amekaa nchi ya watu kwa miaka yote hiyo akidhani ameishi na mto. Kumbe aliishi na hawa.

Wa mwisho alikuwa Mulumba, chini kabisa, ukingoni mwa njia, kofia mkononi. Alipomaliza, kilima kikabaki na mianzi yake na kivuli chake.

Pandu alitengeneza kasha la mbao kwa mkono wake, kama wanavyofungasha vioo, na ndani akalitandika sufi. Safia alitoka eda, akaoga, akabadili nguo, na kesho yake akapanda ndege na lile kasha mapajani. Wahudumu wa ndege walimtaka aliweke juu na mizigo mingine, akawakatalia kwa Kichina cha sokoni: "Bu yao, bu yao." Wakamwachia.

Kisha Guangzhou ikarudi kwenye shughuli zake. Wessel akaimalizia hoteli picha yao. Siku ya Ijumaa, mkahawa ukiwa umejaa watu waliotoka msikitini, Kauthar alimwita kutoka jikoni, simu mkononi.

"Unatakiwa Makunduchi," alisema, akamkalisha kwenye meza ya pembeni.

Kwenye simu alikuwapo Safia, amejitanda buibui, na kando yake bibi mwembamba amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba. Mbele ya bibi, juu ya kitanda, kile kilima kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Macho ya Bi Mize yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alikuwa ameinama mpaka pua yake inakaribia mianzi. Akaelekezwa simu, akamwamkua Wessel kwanza, akamuuliza hali yake na ya watu wa kwao, moja baada ya moja, kama kwamba hana haraka ya kitu chochote duniani.

"Mwanangu," kisha akasema, "nimekaa na picha yako tangu juzi. Nimekiona kivuli. Nimeiona ile mianzi, na najua sasa jua linamfikia upande gani. Nalala. Nilikuwa silali. Mungu akuzidishie macho."

"Amina, mama."

"Safia kaniambia palikuwa na watu na ukawatoa kwa ajili yangu. Umefanya vyema, na kazi uliyoitupa Mungu ameiona. Lakini nataka uniambie. Walikuwa nani? Mama wa mtu anapenda kujua."

Wessel akapiga moyo konde, na kwa Kiswahili chake cha nchi mbili akaanza kumwambia. Penye jiwe jeupe la kwanza alikuwa Ahmada, aliyemwosha. Palipo chini ya mianzi imamu. Hapa kwenye udongo mwekundu Pandu, magoti yake yamejaa tope. Bi Mize aliweka kidole juu ya kila mahali palipotajwa, akatamka jina polepole, akaliombea dua, kisha akangoja jingine. Hata wale wapakizi watatu, ambao majina yao ya Kichina yalimshinda kutamka, aliwaombea kwa kazi yao, "na glavu zao". Kidole kikateremka mpaka njiani. Mulumba, Wessel akasema, Mkristo wa Kongo, aliyevua kofia. Bi Mize akamwombea na yeye. Mkahawani watu wa meza za jirani walikuwa wameacha kula.

"Na wewe?" Bi Mize akauliza. Kidole chake kilikuwa kinatafuta ubaoni. "Wewe ulisimama wapi? Kila mtu umenionyesha ila wewe."

"Mimi simo humo, mama. Mimi nilisimama nyuma ya Mulumba, na picha nimeichora kutokea pale." Akafikiri namna ya kulisema. "Nilisimama hapo unapotazamia wewe sasa. Ukikitazama kile kilima, umesimama mahali pangu."

Bi Mize aliondoa kidole ubaoni. Akainua uso, akarudi nyuma kidogo kwenye kiti chake, na akakitazama kilima chote kwa mara moja kadiri macho yake yalivyomruhusu. Kisha akaunyoosha mkono bila kugeuka.

"Safia," alisema, "niinue nisimame. Siwezi kumzika mwanangu nimekaa."

Safia akamwinua.